Tulivyoipeleka Rubab Thika, Watu Wakangoja Kebab

Kila mtu ananiuliza. Jumapili mchungaji alinishika mkono mlangoni, akaniinamia, akauliza kwa upole kama ni kweli nimefungua biashara ya kebab Thika. Kwenye chama mnacheka kabla sijaketi. Na wengine wenu bado mnataka kujua John ni nani. Basi nimechemsha chai, nimefunga mlango, naandika yote mara moja ili niache kurudiarudia.

Kwa gari zima na dereva mwenye akili zake, kutoka kwangu Kiuu hadi Thika ni safari ya kula hindi moja la kuchoma. Sisi tuliondoka baada ya uji wa asubuhi, tukafika jua likiwa linaaga. Asiyeamini amuulize Njoroge, dereva wetu. Naye atawadanganya, lakini uongo wake utakuwa tofauti na wangu.

Kiuu: Nashtakiwa kumfukuza mpangaji

Ustadh Nadir ni mpangaji wangu, yule mzee wa chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Ni Mwafghani. Hapa wengi walidhani ni mwalimu wa madrasa, maana sisi ustadh tunayemjua ni huyo, na kuna wazazi walimletea watoto na misahafu yao. Kumbe kwao ustadh ni hata fundi mkuu. Ukoo wake huko Kabul umekuwa ukichonga rubab tangu babu wa babu yake.

Rubab ni chombo cha nyuzi, kifupi, chenye tumbo nene. Huchongwa kutoka kwenye gogo moja la mforosadi, bila kuunga, kisha tumbo likavishwa ngozi ya mbuzi. Waliposhika nchi watu wasiotaka muziki, vyombo vilichomwa moto, na mzee akatoka na rubab moja na mfuko wa patasi. Alimfuata mpwa wake aliyekuwa akiuza mazulia Nairobi. Mpwa naye akahamia Kanada, na mzee akanibakia mimi.

Miezi ya kwanza nilimwambia wazi kwamba hiyo kelele inawanyima kuku wangu usingizi. Halafu akaugua homa, akanyamaza siku kadhaa, na nikajikuta nimesimama nje ya mlango wake na sufuria mkononi, nikingoja aanze. Tangu hapo sikusema tena habari za kuku.

Sasa, jambo lililotupeleka Thika. Mpwa alikuwa akimpigia simu kila wiki: njoo Kanada, kuna kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala. Mzee alikuwa amemwahidi jibu Jumapili. Aliniambia hataki kwenda, lakini ufundi usio na mwanafunzi ni mbegu iliyosahaulika mfukoni, na yeye hapa hajapata hata mmoja. Niliumia. Nikaenda kwa Mama Simran wa Thika, yule Singasinga ambaye mumewe marehemu alikuwa na kiwanda cha mbao. Amezaliwa hapo, na Kikuyu chake kinawashinda wanangu. Nilimwomba ghala lao la zamani liwe karakana ya mzee.

"Wambui, mimi sitaki makumbusho," aliniambia. "Vitu vya kuwekwa tu vipate vumbi niko navyo vingi. Mlete Jumamosi apige, watu wasikie. Akipata mwanafunzi mmoja, mmoja tu, ufunguo ni wake."

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi pickup ya Njoroge ilikuwa mlangoni kwangu, na tulikuwa tunapakia patasi, mikeka, rubab, na gogo la mforosadi lililokuwa likikaukia kwenye ujia wangu muda mrefu, likikwaza kila mpangaji. Mzee alitaka watu waone kazi inapoanzia.

Nilichosahau ni kwamba katika Kiuu yote, mwenye nyumba akionekana anapakia vitu vya mpangaji kwenye pickup, maana yake ni moja tu. Nilikuwa ndani natafuta kamba. Nilipotoka, nusu ya ploti ilikuwa imezunguka gari, na Mama Ciru, jirani yetu, alikuwa ameshika mwiko.

"Mama Kamau, hata huogopi Mungu? Mzee wa watu, mgeni, unamtupa nje kama takataka?"

"Simtupi. Tunaenda Thika."

"Ngoja tumuulize mwenyewe. Mzee, huyu amekufukuza?"

Ustadh ana tabia moja ambayo mtaiona tena humu: neno asilolijua hulikubali. Alitabasamu, akaweka mkono kifuani. "Ndiyo," akasema. "Wambui jan amenifukuza. Mama mzuri sana."

Walishusha kila kitu. Gogo walilirudisha ujiani, patasi chumbani, na mtu fulani akaketi juu ya kizingiti ili nisipite. Mama Ciru akageukia lile la pili. "Na huyu John anayemtaja kila siku ni nani? Wewe si ulituambia hutaki mwanaume tena?"

Kusema kweli hata mimi sikujua. Mzee huliweka hilo neno mwishoni mwa majina, "Wambui jan," na kwa matamshi yake linatoka "Joni" kabisa. Nilidhani ni adabu za kwao, kama sisi tunavyotaja jina la baba. Nikaona pengine baba yangu kapewa jina jipya.

Kilichoniokoa ni rubab. Mzee alipoona kelele zimezidi aliketi juu ya gogo ujiani akapiga kidogo, na aliyeketi kizingitini akanyanyuka ili asikie vizuri. Hapo ndipo nilipoweza kueleza. Waliomba msamaha kwa mandazi, mfuko mzima, na tukapakia upya.

Ruiru: Gogo lanusurika bucha

Tulikaa watatu mbele, mimi katikati na rubab imelala mapajani pangu. Njoroge ni mtu wa manung'uniko. Analalamikia barabara, serikali, na mandazi aliyokula yeye mwenyewe.

"Njoroge jan," mzee akamwambia kwa furaha, "gari yako nzuri."

"Mzee, mimi si John. Mimi naitwa Peter. John ni ndugu yangu, na hatusemezani."

"Ndiyo," akasema mzee.

Hatujafika Ruiru mjini Njoroge akasimamisha gari. Alisema anasikia kitu kinalia, sauti nyembamba kama nyuki kwenye kopo. Akashuka, akalala chini ya gari, akagonga hapa na pale. Kimya. Akawasha tena, akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama. "Ni bearing," akasema. "Iko hapa ndani, lakini nikizima inajificha." Mimi sikusikia kitu. Tulisimama namna hiyo kila baada ya hatua chache, hadi injini yenyewe ikachoka na kutoa mvuke, tukaegesha mbele ya bucha moja.

Palikuwa na mteremko, na breki ya mkono ya Njoroge ni ya kuombewa. Tukalishusha gogo tukaliweka nyuma ya gurudumu. Njoroge akaenda kutafuta maji, mimi nikaenda kutafuta chai. Kibanda cha jirani kilikuwa na chapati za moto, na nikiri kwamba sikuharakisha.

Niliporudi, gurudumu lilikuwa limewekewa jiwe. Gogo letu lilikuwa limesimamishwa wima mlangoni pa bucha, juu yake mguu wa mbuzi, na mwenye bucha, jibaba lenye aproni, alikuwa ameinua panga.

"Wewe!" Nadhani nilisikika hadi Kimbo.

Panga lilishuka. Lilikosa mfupa, likaingia kwenye mforosadi.

"Mama, pole pole. Nimeongea na mwenyewe. Nimemuuliza, 'Mzee, hii si tufanye iwe ya bucha?' Akasema ndiyo. Akanishika hata mkono."

Nikamgeukia Ustadh. Uso wake ulikuwa umekauka. Alisogeza mguu wa mbuzi, akaketi juu ya gogo, akalikumbatia kwa miguu yote miwili.

"Mzee, skia," jamaa wa bucha akambembeleza. "Nimetafuta gogo kama hii tangu ile yangu ipasuke. Hii mti ni ngumu, haitoi unga. Hata Mungu akiiona anajua ni ya kukatia nyama."

"Si bucha," mzee akasema. Alikuwa amejifunza neno. "Hii ni rubab."

"Rubab ni nini?"

"Iko ndani. Bado kutoka."

Jamaa akaliangalia gogo, akaniangalia mimi. Nikamwambia kwa kifupi, muziki. Alikuna kichwa kwa mpini wa panga, kisha akasaidia kulipandisha garini yeye mwenyewe, akinung'unika kwamba muziki haujawahi kumlisha mtu wa Ruiru. Alama ya panga ilibaki. Mzee aliipapasa kabla hatujaondoka, akasema hapo ndipo atakapolichimba tumbo, kwa hiyo mwenye bucha amemwanzia kazi.

Juja: Rubab yaanikwa kwenye jiko la mutura

Mvua ilitukuta Juja. Si kubwa, ile ya kulowesha roho tu, lakini dirisha la upande wa mzee halipandi. Tulipoegesha, alichukua rubab, akagonga ngozi kwa kidole. Ilitoa sauti ya godoro.

"Imekunywa maji," akasema. "Ngozi ikinywa maji hailii. Moto. Kidogo."

Moto wa karibu ulikuwa wa Baba Shiro, muuza mutura karibu na hosteli za wanafunzi, chini ya mwavuli mkubwa uliotoboka. Mzee alimsalimia, akaketi kwenye kigoda, akaishikilia rubab mbali kidogo na makaa, akaanza kuizungusha polepole, mgongo, ubavu, tumbo. Kwa haki ya Mungu ilionekana kama anabanika kuku. Wanafunzi wakaanza kupanga foleni.

"Niaje mzee. Hiyo inaiva saa ngapi?"

"Bado," mzee akajibu kwa uaminifu.

"Ni nyama gani?"

"Mbuzi. Juu tu."

Baba Shiro hakupenda mshindani kwenye jiko lake mwenyewe, lakini alipoelezwa alicheka, akatukatia mutura na kachumbari. Mzee aliuliza kilichomo ndani. Nilianza kueleza utumbo, nyama na damu, na nilipofika kwenye damu aliurudisha mkono wake taratibu. Baba Shiro hakukasirika. Alikuwa na kipande cha mbuzi alichokuwa amejichomea kwa chakula chake, akamwambia huyu mbuzi amechinjwa na Muislamu wa pale sokoni, kula bila wasiwasi. Wakakigawana.

Tukiwa hapo, Njoroge akamvaa mzee tena. "Hebu niambie leo, huyu John ni nani? Umeniita John tangu Kiuu."

Mzee alifikiri, akitafuta Kiswahili. Akaweka kiganja kifuani, akavuta pumzi, akaitoa. "Jan ni hii. Roho. Uhai. Mtu wako, unamwambia jan."

Njoroge aliacha kutafuna. "Kwa hivyo umekuwa ukiniita roho yako?"

"Ndiyo."

"Hata nikikufokea?"

"Ndiyo, Njoroge jan."

Njoroge akasema ngoja akaangalie maji ya injini, na akakaa huko muda mrefu. Kwa hiyo wana chama, huyo ndiye John. Mnaweza kupumzika.

Wakati huo msichana mmoja wa foleni alikuwa akinikodolea macho. "Auntie, kwani nyinyi ndio wale wa Thika? Wa kebab?" Akanionyesha simu. Ilikuwa picha ya tangazo letu, lile nililomwachia binti wa cyber hapo hapo Juja alichape na kulisambaza. Mimi niliandika: *Njoo usikie utamu wa rubab ya Kiafghani. Kiingilio bure.* Kwenye picha ilisomeka: *Njoo usikie utamu wa KEBAB ya Kiafghani. Bure.*

Nikapiga simu.

"Auntie, nilidhani umekosea spelling," binti akasema. "Rubab si neno. Na uliandika utamu. Nani husikia utamu wa kitu hailiwi?"

Ni lugha yetu wenyewe iliyonigeuka: chumvi tunaisikia, sukari tunaisikia, hata harufu tunaisikia. Nikamuuliza amebandika wapi.

"Thika yote, auntie. Hadi stage. Ukiona watu wamejaa unishukuru."

Nilimweleza Ustadh. Niliona anaanza kukunja kitambaa cha rubab na nikajua anawaza maboksi ya Kanada. Ni Baba Shiro aliyekata shauri. "Mtu akiwa na njaa hasikizi kitu," akasema, akaanza kufungasha mutura zake. "Na hiyo ngozi yenu itataka moto huko pia." Jiko lilipanda nyuma ya pickup likiwa na makaa yake, Baba Shiro akakaa juu ya gogo akilishika jiko kwa vitambaa, na Njoroge aliendesha akimwomba kila mtakatifu anayemfahamu, ingawa yeye ni wa kanisa la PCEA na hawana watakatifu wengi.

Thika: Kebab iko wapi

Watu walikuwa wamejaa. Kuna waliokuja na watoto, na kuna waliokuja na vyombo vya kubebea. Mama Simran alikuwa amesimama mlangoni pa ghala na sahani ya chevda, ile ya dengu na njugu, akiwatuliza wageni kwa konzi moja moja.

"Wambui," akaniambia kwa Kikuyu, "hawa watu umewaahidi nini?"

Baba Shiro aliyapepea makaa yake. Alikata mutura vipande vyembamba vya kuonea mwezi, na watu wakapokea wakilalamika kwamba Waafghani wanakula kama sisi tu. Ustadh aliipasha ngozi, akaketi kwenye mkeka mbele ya gogo, akaanza.

Nitawaambia ilivyokuwa bila kupamba. Mwanzoni walikuwa wanatafuna. Kisha mama mmoja akamwambia mtoto nyamaza. Kisha hata wa mbele, aliyekuwa akiuliza kebab iko wapi, akasahau kipande mkononi kikapoa. Mzee alipiga wimbo mmoja mrefu, macho yamefungwa, na mimi niliyeusikia ukutani kila usiku nililia kama vile ni mara ya kwanza. Walimpigia makofi. Wengine walipiga picha na gogo.

Mama Simran akauliza kwa sauti: "Nani anataka kufundishwa? Kuchonga na kupiga. Bure."

Mmoja akasema ana zamu kiwandani. Mwingine akasema mikono yake ni ya jembe. Mwingine akauliza kama mwanafunzi hupewa chakula, na aliposikia hapana akaangalia viatu vyake. Walimpa mzee mkono mmoja baada ya mwingine, wakamshukuru kwa heshima zote, wakaenda zao. Ghala likabaki na sisi na moshi.

Mzee alianza kufunga rubab kwenye kitambaa. "Si vibaya, Wambui jan," akaniambia. "Wamesikia." Mama Simran aliuangalia ufunguo mkononi mwake. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nikamfokea Njoroge aliyekuwa amechuchumaa karibu na mkeka badala ya kwenda kuwasha gari.

Njoroge alikuwa ameinamia rubab, sikio karibu kuigusa. "Mzee, usifunge bado. Hizi waya nyembamba za kando. Hujazigusa hata mara moja."

"Hapana."

"Lakini zinalia."

"Ndiyo." Lakini safari hii mzee aliielewa ile ndiyo yake, na alikuwa ameacha kufunga. "Unapiga hizi kubwa, hizi ndogo zinajibu. Peke yake."

"Hata injini zinaijibu," Njoroge akasema polepole. "Ile bearing. Nimetafuta bearing kutoka Kiuu mpaka hapa, nimelala kwa matope, na ilikuwa hii, hapo kwa magoti ya Mama Kamau." Alinyoosha kidole, akaguna kwa nguvu kama gari lake likipanda mlima, na nyuzi zikamjibu, nyembamba, kama nyuki kwenye kopo. Sasa hata mimi nilisikia. "Nataka kujua inafanyaje hivyo. Jumamosi siko na kazi mingi."

Ustadh aliomba sukari, na Mama Simran akaikimbilia kwenye sinia ya chai. Akaomba dengu, akaichagua mwenyewe kutoka kwenye sahani ya chevda, moja moja. Akaweka sukari na dengu ulimini mwa Njoroge, kisha akachomoa uzi kwenye mfuko wa patasi akamfunga kwenye kifundo cha mkono, akisema maneno ya kwao ya kumpokea mwanafunzi. Baba Shiro alivua kofia. Alinong'ona kwamba hata sisi tulifungana hivyo zamani, kwa ngozi ya mbuzi, mtu akizaliwa katika ukoo.

Mzee alikaa wima. Alibadilisha sauti, ikawa ya mwalimu.

"Njoroge," akasema.

Njoroge akangoja. Akaangalia uzi, akamwangalia mzee, akameza ile dengu.

"Njoroge peke yake?" akauliza. "Na John imeenda wapi?"